Lutuku ya Zebaki

Mimi ni mwoga, na sioni haya kusema. Wazee walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na mimi siku zote nimependa kicheko. Naogopa nge, naogopa radi, naogopa kupanda pikipiki kwenye madaraja ya miti ya njia ya Wamaza. Hiyo ni hofu ya kupita. Ile iliyoingia na kukaa ilikuja tulipohamia Lusangi, bibi yangu, yaani mke wangu, na mimi, kutoka kwetu Kasongo.

Kwetu tulikuwa watu wa mpunga na mhogo. Mimi nilijifunza kuchomelea vyuma, na kaka yangu mkubwa, aliyekuwa ananunua dhahabu Lusangi, akaniita: pikipiki za huku zinavunjika kila siku, njoo ule. Akatupa chumba nyuma ya nyumba yake. Mbele ya mlango wa chumba hicho ndipo alipokuwa anachomea dhahabu ya wachimbaji.

Wachimbaji wakishasafisha mchanga wao wanatia zebaki, ambayo wenyewe wanaiita merkire. Inazikusanya punje za dhahabu, zote zinakuwa donge moja jeupe. Donge linawekwa kwenye kikopo juu ya mbabula, jiko la makaa, au makala kama tunavyosema, zebaki inageuka moshi, dhahabu inabaki. Moshi unakwenda wapi, hakuna aliyeuliza. Ulikwenda kwenye sufuria zetu na kwenye nguo tulizoanika, na mvua ikinyesha ulishuka kwenye kijito tulikochota maji. Mikono ya kaka ilikuwa imeanza kutetemeka. Yeye alisema ni malaria.

Mwaka wa kwanza mimba yetu ilitoka. Hakuna aliyetuambia sababu, na mimi sidai kuijua. Lakini mimba ya pili ilipoingia, muuguzi mmoja aliniletea pikipiki yake, na nilipokuwa naunga fremu akaniambia, kama mtu anayezungumzia mvua, kwamba moshi wa merkire unaingia kwa mama na kumfikia mtoto tumboni. Nilitazama nyuma. Bibi yangu alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele, na moshi wa kaka unampitia. Siku hiyo nilichomelea vibaya sana.

Sikumwambia. Kwao Kabambare, kwa mama yake hasa, mimba haisemewi mabaya: ukitaja ubaya mbele ya tumbo, umeuita. Baada ya ile ya kwanza alilishika jambo hilo kwa mikono miwili, hata habari za msiba hakutaka zifike masikioni mwake. Basi nilimwambia tu kwamba moshi ule unakohoza, afadhali apikie kwa jirani. Jirani alikuwa mama mjane, mpishi wa lutuku, ile pombe kali ya mhogo na mahindi.

Nikawa nakwenda huko kula. Nikawa naangalia. Pipa limefunikwa, ukingo umezibwa kwa udongo, bomba linatoka juu na kupita kwenye maji baridi, mvuke unarudi kuwa matone. Nilimuuliza yule mama, akifungua kifuniko itakuwaje.

"Lutuku yote itapanda mbinguni," alisema, "na malaika watalewa bure."

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Nilirudi kwenye vyuma vyangu, nikakata bomba nene la chuma, nikalitengenezea kitako, na kifuniko cha kukazwa kwa bolti. Juu nikachomelea bomba jembamba, nikalipinda hadi kwenye kopo la maji. Kaka alinicheka, ila akanipa donge dogo la kujaribu. Zebaki ilidondoka ndani ya maji, tone kwa tone, ikajikusanya chini inang'aa. Hewani hakikwenda kitu. Usiku ule nililala kama mtoto.

Ndivyo ilivyoanza biashara yangu. Niliwaambia wachimbaji: leteni kwangu, merkire yenu inarudi mikononi, mtaitumia tena, mimi mnipe chochote. Neno sumu sikulitamka. Nani ananunua kwa mtu anayemtisha? Wakaliita bomba langu "lutuku ya merkire", wakaja mmoja mmoja, nusu kwa faida, nusu kwa mzaha. Kaka naye alianza kuacha mbabula yake. Nilianza kuvuta hewa ya mlango wetu bila kuihesabu.

Kisha akaja pedeje mmoja, ndivyo wanavyomwita mwenye shimo, mtu wa upande wa Kivu, pamoja na vijana wake wawili wenye vifua kama milango. Donge lao lilijaza kiganja. Nilifunga, nikakaza bolti, nikawasha moto. Wakachuchumaa.

Kuna jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Kwenye moto wa wazi mchimbaji anaiangalia dhahabu yake mwanzo hadi mwisho, hata kupepesa hapepesi. Kwangu aliangalia chuma tu. Kadiri moto ulivyokolea walizidi kusogea, mpaka mmoja akawa amekaa kati yangu na njia.

Nilipofungua, dhahabu ilikuwa ya kahawia, kama kipande cha tofali. Madonge madogo yalikuwa yametoka yamefifia kidogo, na hakuna aliyelalamika. Hili kubwa lilikuwa limevaa kutu.

"Fundi," pedeje alisema polepole, "hii ni nini?"

"Dhahabu yenu, mkubwa."

"Hapana. Yetu ilikuwa ya kungaa. Hii haiko yetu."

"Hii mutu alifunga chungu ili atuibiye," kijana mmoja akasema, akaokota nyundo yangu. "Anatuona siye iko watoto!"

Kaka alikuwa amekwenda Nyangwe. Na hapo bibi yangu, aliyesikia kelele akiwa kwa jirani, akatokea na tumbo lake la miezi ya mwisho, akaja moja kwa moja na kusimama kando yangu.

Dawa nilikuwa naijua. Dhahabu ya namna ile ukiirudisha kwenye makala mekundu, wazi, rangi yake inarudi. Pamoja na hiyo, zebaki iliyojificha ndani inatoka, yote, moshi. Mbabula ilikuwa imewaka mbele yetu.

"Nendako uniletee maji," nilimwambia.

"Maji iko hapa."

"Basi nendako kwa jirani."

Aliniangalia usoni, akafikiri namwondoa asione nikipigwa. Ningesema nini? Moshi huu utaua kilicho tumboni mwako? Mbele ya tumbo lenyewe? Na wale watatu wangesikia kwamba fundi ana sumu ndani ya chungu, na nyundo ingemaliza maneno. Nilimsukuma kidogo begani. Alinishika shati.

"Siende fasi yoyote," alisema kwa sauti, ili wasikie. "Kama iko kupigwa, watatupiga siye wote wawili."

Kijana alipandisha nyundo. Nikaweka dhahabu kwenye kikopo, nikaweka kikopo juu ya makala, nikapuliza.

Sikuona moshi mwingi. Uzi tu, mweupe, ambao mtu asiyeujua asingeuona. Upepo ulikuwa umelala. Kahawia ilipasuka pembeni, njano ikachungulia, ikatambaa, mpaka kipande chote kikawaka kama kiini cha yai. Vijana walipiga makofi. Nyundo ilishuka. Pedeje alinipiga mgongoni, akasema toka leo wote watamalizia hivi kwangu, wazi, waone wenyewe.

Bibi yangu aliniachia shati. Alisema, "Mungu ni mwema," akainama juu ya mbabula kuiona vizuri ile dhahabu iliyotuokoa, na kwa kuwa hofu yake ilikuwa imekwisha, akavuta pumzi ndefu.