Cruise mbili za kutokea Jeddah: moja ilitustarehesha, ya pili imemrudisha mama mkwe wangu nyumbani

Wakuu, salaam kwenu nyote. Huu uzi nimeuandika nikiwa na hasira na sitaificha. Yote yamenitokea mimi mwenyewe, sijatia chumvi, na sehemu zenye aibu nimeziacha kama zilivyo.

Kwa wasionijua, nipo Riyadh kwa mkataba, ofisi yetu iko Olaya. Mke wangu ni nesi. Tuna binti wa miaka kumi na tatu, Neema, na mtoto wa miezi minane.

Mimi ni mtu wa kanda ya ziwa. Kabila sitaji, nawajua, mtaacha mada mhamie huko.

Itoshe kusema kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawali meza moja, hawalali nyumba moja. Ukimwona anakuja njia hii, wewe unachepuka. Hakuna ugomvi hapo, ni heshima tu, na mama mkwe wangu anaishika kuliko mtu yeyote ninayemfahamu.

Sasa mke wangu likizo ilikuwa inaisha. Mama akakubali kuja kutulelea mtoto mpaka aanze kutembea. Wakuu, mnaoishi huku mnajua hiyo ni neema ya namna gani.

Mtauliza alilala wapi. Nikamwachia nyumba yote, mimi nikahamia mulhaki, kile chumba cha juu ya paa ambacho nyumba nyingi za hapa zinacho. Nilikuwa nashuka akishaingia chumbani kwake. Akiwa na neno anapitishia kwa mke wangu: "Mwambie baba Neema AC inavuja maji." Basi naitengeneza akiwa yuko jikoni.

Tuliishi hivyo kwa amani kabisa. Sijui kwa nini sikutulia.

Mke wangu akasema kabla hajarudi kazini tumpeleke mama akaone bahari, tupande cruise pale Jeddah. Nami nikadakia haraka, maana miaka miwili nyuma tulishapanda moja na tulifurahi mno.

Hiyo ya kwanza niwape sifa zake. Watoto walikuwa na ukumbi wao wamegawanywa kwa umri, Neema alikuwa anaunda vigari vya betri kutwa nzima mpaka anakataa kuja kula. Watu wazima sinema, mpira, maonyesho. Wazee walikuwa na sitaha yao ya kimya, viti vizuri, chai muda wote, hakuna muziki. Na chakula unakaa meza unayotaka, saa unayotaka.

Ila tarehe zetu hiyo meli ilikuwa imejaa. Nikampigia dalali mmoja wa tiketi, Mzanzibari aliyezaliwa Jeddah, ofisi yake ipo Bani Malik. Akaniuliza umri wa kila mmoja wetu. Nikamtajia.

"Basi hii nyengine ndo yenyewe bwana," akaniambia. "Watoto wana yao, wakubwa wana yao, wazee wana yao. Hapana atakaebaki kanuna."

Nikalipa. Hata picha za meli sikuziangalia mara mbili.

Wakuu, ile meli ni balaa.

Tuanze na mtoto mchanga. Hakuna chochote. Ukumbi wa watoto hawapokei anayevaa nepi. Neema naye wakamwambia amevuka umri wa ukumbi wa watoto, aende wa vijana. Ukumbi wa vijana ni kochi moja na game mbili, moja mbovu. Mtoto wa watu akazunguka na simu yake meli nzima.

Wazee? Bingo. Asubuhi bingo, jioni bingo, katikati mazoezi ya kunyoosha mikono ukiwa umekaa kwenye kiti. Sitaha ya kimya haipo, spika zimefungwa mpaka kwenye lifti.

Halafu chakula. Meza mnapangiwa na wao. Tumeingia siku ya kwanza, jina la familia liko juu ya meza ya duara, viti vinagusana, kiti changu na cha mama mkwe vinatazamana! Nikaomba kuhamishwa. Mhudumu akatabasamu akasema familia lazima ikae pamoja.

Nikageuza. Safari nzima nimekula mkate wa nyama kwenye kibanda cha pembeni ya bwawa kama mtu aliyefukuzwa kwake.

Mke wangu akaigawa meli. Asubuhi sitaha za juu ni za mama, mimi nabaki chini. Mchana tunabadilishana. Vyumba tulichukua viwili, mama na mke wangu na mtoto kimoja, mimi na Neema kingine. Kwa shida hiyo hiyo tukawa tunaenda.

Mama mwenyewe hakulalamika. Kwenye bingo alishinda begi la kitambaa, wakamwita mbele wakampa, akarudi chumbani anacheka. Mke wangu ananisimulia, nami nikafurahi. Nikasema afadhali mwenye safari anafurahi.

Jioni ya mwisho kulikuwa na onyesho la familia. Ratiba ilisema litafanyika mara mbili. Tukapanga mama aende la kwanza, mimi la pili. Mara spika zikatangaza yameunganishwa, litakuwa moja tu.

Nikasema siendi. Neema akanishika mkono: "Baba twende bwana, tukae nyuma kabisa, bibi hatakuona."

Tukakaa safu ya mwisho karibu na mlango. Mama na mke wangu walikuwa kule mbele, nakiona kitenge chake.

MC wao, mtu wa kelele na koti linalong'aa, akauliza kwenye mic: nani amekuja na mama mkwe wake?

Neema akanyoosha mkono. Akanionyesha mimi, kisha akamwonyesha bibi yake kule mbele. Simlaumu. Kazaliwa Riyadh, kwake yeye bibi ni bibi na baba ni baba.

Wacheza dansi wawili wakanidaka. Nakataa, wanacheka, wananivuta. Kule mbele mwingine kamshika mama mkono anampandisha, na mama anapanda huku anatabasamu. Alidhani anakwenda kupewa begi jingine.

Aliponiona tabasamu likakatika.

Nikamwambia MC kwa Kiingereza, tafadhali, kwa mila zetu hili haliwezekani. Yule mpuuzi akageukia ukumbi akatangaza kwamba mkwe ana aibu! Watu wakapiga makofi. Akauchukua mkono wangu akaubandika kwenye bega la mama mkwe wangu, akaushikilia pale. Taa ya kamera ikawaka.

Mama hakupiga kelele. Alisema tu, "Baba Neema, toa mkono."

Wakuu, tangu nimuoe binti yake, hayo ndiyo maneno ya kwanza kuniambia mimi moja kwa moja. Nikaunyofoa mkono nikashuka jukwaani nikatoka nje.

Nikaenda mapokezi kuwaka. Binti wa pale ananiambia, "Lakini sir, kila mtu alipenda!" Kila mtu yupi? Kesho yake asubuhi, kama kutupoza, wakapenyeza bahasha chini ya mlango wa mama. Ndani ni picha. Mimi, yeye, na mkono wangu begani kwake. Zawadi ya meli.

Tuliposhuka Jeddah nikampigia dalali nikamfokea. Mwanzo akacheka, "Si mchezo tu huo bwana?" Nilipomweleza akaanza kujitetea. "Wallahi umenambia mtu mzima wa miaka sitini na kitu. Hukunambia kama mkweo."

Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilijaza umri wetu kila mahali. Hakuna aliyeniuliza nani ni nani kwa nani, na mimi sikukumbuka kusema.

Riyadh mama alifungasha wiki ile ile. Jambo kama lile linawekwa sawa nyumbani, mbele ya wazee, kwa mbuzi, haliwekwi sawa kwa simu. Akamwambia mke wangu, mimi nikiwa nyuma ya mlango, "Mwambie baba Neema simchukii. Ila siwezi kulala kwenye nyumba yake na mkono wake bado uko begani kwangu."

Mbuzi alipelekwa na mdogo wangu. Wazee wakala, wakasema yameisha. Mama hajasema kama atarudi.

Mtoto sasa anapelekwa hadana, ndivyo wanavyoita huku sehemu za kulelea watoto. Analia kuanzia mlangoni. Mimi ndiye ninayemwacha nikielekea kazini, na kila asubuhi namkumbuka yule MC na koti lake. Mulhaki nimeshahama. Nimerudi kulala ndani ya nyumba, ila raha hakuna.

Funzo langu, wakuu: ukiambiwa meli ina burudani kwa umri wote, usishike pochi kwanza. Uliza meza zinapangwaje. Uliza wazee wana pa kukaa kimya. Uliza kama jukwaani watu wanavutwa kwa nguvu. Na mtaje kila mtu kwa undugu wake, hata wakikuona mshamba.

Mwenye kujua meli yenye ustaarabu aweke hapa, na aliyewahi kukutwa na kama haya aseme, nisijione peke yangu.

Ila kuna swali moja nawaomba mnisaidie. Juzi mke wangu kampigia mama video. Nyuma yake ukutani nikaiona ile picha, kaiweka kwenye fremu. Kaikata katikati, mimi sipo, yuko yeye na kitenge chake anang'aa.

Begani kwake vimebaki vidole vyangu viwili.

Mama mkwe wangu ni fundi cherehani maisha yake yote, mkasi wake haujawahi kupinda. Mke wangu anasema kaviacha makusudi, ni msamaha huo. Mimi naona kaviweka kama kidhibiti cha kosa langu.

Ninyi mnasemaje?