Nilimfokea mama wa mtoto, kumbe usingizi ndio ulikuwa umeniishia

Habari zenu wakuu. Hili nimelibeba miaka mingi, leo nalitua. Ni kweli tupu, na aibu ni yangu mwenyewe.

Miaka ya tisini mwanzoni, enzi za ruksa, nilikuwa nesi kwenye zahanati moja upande wa Kiswere. Kijiji sikitaji. Mwenzangu aliacha kazi akafungua duka la dawa Lindi mjini. Ajira zikasimama, nikabaki peke yangu.

Nyumba yangu ilikuwa nyuma ya zahanati, na kwetu huku mtu akipiga hodi huwezi kunyamaza. Hodi ya uchungu, hodi ya homa. Kuna mzee aliniamsha kuniambia yeye hapati usingizi! Jamani.

Leo mnaita burnout, yaani kuchoshwa na kazi kupita kiasi. Mimi nilidhani nimekuwa mtu mbaya tu. Mtoto akilia nakasirika, na wa kumwambia sina.

Nikaanza njia ya mkato. Asubuhi nakusanya madaftari ya wagonjwa wa malaria, naandika yote kabisa "amechomwa kwinini", navuta dozi ya kila mmoja kwenye bomba lake, ndipo naanza kuwachoma kwa foleni.

Siku moja Mama Somoe, aliyekuwa kwenye foleni ya asubuhi, akarudi na binti yake wa miaka mitatu, mwili unawaka.

"Nesi, mwanangu hujamchoma."

Nikafungua daftari la mtoto. Mwandiko wangu huu hapa.

"Mama, unabishana na maandishi? Hebu nenda!"

Nilimfokea mbele za watu, wakuu. Akajifunga kanga, akaondoka na mwanawe.

Adhuhuri naosha vifaa vya sindano, nikaona bomba moja bado lina dawa, dozi ya mtoto mdogo.

Nilikimbia na dawa hadi kwake. Mtoto alikuwa ameanza kuweweseka. Nikamchoma, nikakaa palepale mkekani, nikalia.

"Nisamehe, mama."

Alinitazama usoni, akasema, "Nesi, umelala lini?"

Homa ilipoanza kushuka, na mimi nikazimika.

Naamka jua linakaribia kuzama. Mtoto anakunywa uji, na Mama Somoe kakaa mlangoni anawajibu watu waliokuja kunitafuta: "Rudini baadaye. Nesi kalala."

Funzo: usiandike kazi ambayo hujaifanya. Na ukimkuta nesi mkali, kabla hujamsema, muulize kalala lini. Mimi hadi nastaafu niliulizwa mara moja tu, na aliyeniuliza ni mtu niliyemfokea.

Manesi mliomo humu, nyie nani aliwahi kuwauliza?