Saini ya Gari la Mjomba

Yadini walimwita Karani kwa sababu kalamu haikutoka sikioni mwake. Alikuwa ametimiza miezi kumi na moja kwenye lori. Ulibaki mmoja apewe ajira ya kudumu. Kazi yenyewe aliipata kwa mkono wa mjomba wake, kaka wa mama, dereva wa miaka ishirini ambaye ndiye aliyemfundisha.

Alimfundisha vizuri, hilo sitamnyima. "Mjomba," alimwambia siku ya kwanza, maana wao waliitana hivyo pande zote mbili, "lori halina ndugu. Gonga kila tairi. Ingia chini uchafue mgongo. Ukishasaini fomu ya ukaguzi, gari ni lako na ubovu wake ni wako."

Karani aliyashika. Kila siku alirudi nyumbani na mgongo mweusi kwa grisi, mkewe akilalamika kwamba ameolewa na zulia la gereji.

Asubuhi moja Mjomba alirudi safari, na lori lilelile lilitakiwa kuondoka na Karani, likiwa na shehena ya saruji.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Gari zima hilo. Washa uende, usije ukakuta foleni kwenye mizani."

"Ngoja niingie chini kwanza."

Mjomba akawageukia mafundi. "Jamani, mnaona? Nimembeba huyu akinikojolea mgongoni, leo ananikagua mimi!"

Mafundi wakaangua kicheko. Karani akaona haya. Akachungulia geji ya upepo wa breki: imejaa. Akachomoa kalamu, akasaini.

Hapo alikosea, nami sitamtetea. Mkubwa astahiwe kwa salamu na kwa kiti. Breki hazijui umri wa mtu.

Kwenye mteremko wa pili alikanyaga breki, lori likapunguza mwendo kidogo, kisha likaanza kumkimbiza. Akashusha gia, akashikilia honi, akalichomeka kwenye tuta la mchanga kando ya barabara. Bampa likapasuka, mifuko ikamwagika, hakuumia mtu. Alipotambaa chini ya lori, aliona bomba la upepo la magurudumu ya nyuma limekunjwa na kufungwa kwa ukanda wa tyubu. Madereva wazembe hufanya hivyo bomba likivuja: upepo haupotei, geji inajaa, lakini magurudumu yale yanabaki bila breki.

Ukanda ulikuwa mwekundu. Karani aliujua. Kipande kingine cha ukanda huohuo kilikaza kifuniko cha chupa yake ya chai, na Mjomba mwenyewe ndiye aliyemfungia.

Ofisini, mkuu wa yadi aliweka ukanda juu ya fomu. "Nani alifunga huu?"

Karani alimtazama mjomba wake, akimpa nafasi ya kusema mwenyewe.

Mjomba alitazama dirisha, akakohoa. "Mkuu, si uangalie tu saini ni ya nani?"

"Mjomba!"

"Nilikufundisha nini siku ya kwanza?"

Karani akaitoa chupa kwenye begi, akaiweka mezani kando ya ukanda. "Saini ni yangu," alisema, "na adhabu yake nitaibeba. Lakini ukanda huu ni wako, mjomba. Ulijua bomba lina nini, ukanicheka ili nisione."

Mkuu alilinganisha vile vikanda viwili na hakuuliza tena. Mjomba alinyang'anywa ufunguo. Karani alianzishiwa upya mwaka wake wa majaribio, kuanzia siku ya kwanza. Miezi kumi na moja ikaenda na maji.

Mlangoni alisema, "Shikamoo, mjomba," kwa kuwa ndivyo alivyolelewa. Mjomba akampita kama apitavyo nguzo.

Kesho yake Karani alikabidhiwa lori jingine. Dereva aliyelileta akamwambia ni zima. Karani akamshukuru, akatandika gunia, akaingia chini. Mafundi walikuwepo wote, na safari hii hakucheka mtu.