Sidii za Wangila Zinakwenda Kufukuza Ndege

Saa mbili asubuhi, soko la Owino, Kampala, limeshachangamka. Kwenye kibanda chake, Wangila Sifuna anafuta sidii kwa pindo la shati, moja baada ya nyingine, kama anayeogesha watoto wachanga, ingawa anajua wa kuzisikiliza hayupo.

"Kitendawili!" anamtegea mteja wa kwanza.

"Tega," anajibu Atoo, mke wa polisi, anayelima mtama nje ya mji.

"Sahani yangu haijapakuliwa chakula hata siku moja, lakini imelisha nyumba nzima."

Atoo anacheka. "Si ni hiyo sidii yako, mzee! Lakini siku hizi nayo inalala njaa."

Kweli, inalala njaa. Wangila, mwenye umri wa miaka hamsini na tisa, alitoka Bungoma, Kenya, akiwa kijana. Enzi zile aliuza hata sidii themanini kwa siku. Wiki nzima iliyopita aliuza tatu. Nyimbo sasa zinakaa kwenye simu. Hata yeye, jirani amemwekea zote kwenye simu yake. Mwenye kibanda amempa hadi Jumamosi kuondoka, patauzwa chaja za simu. Na chumba anacholala, mtaani Kalerwe, kinavuja. Ukuta mkavu ni mmoja tu, ndipo kilipo kitanda.

"Watu wananiambia, Wangila, tupa hizo takataka, nyimbo hazijapotea," anasema. "Ni kweli, hazijapotea. Lakini hebu tazama hapa."

Anainua kasha la plastiki. Karatasi yake imeandikwa kwa wino mzito: SAFALI. Jingine: NYIMBO ZA HALUSI. Jingine tena: LUDI NYUMBANI.

Ni mwandiko wa Juliet, marehemu mkewe, Mganda ambaye r na l zilimpiga chenga ulimini hadi kwenye kalamu. Kwa miaka kumi na minne, kila kasha la hapa aliliandika yeye.

"Nilikuwa namcheka jamani! Namwambia, mama, hii ni harusi. Ananijibu, 'Kwani ulitaka mke ama dikishonali?'"

Anacheka peke yake, kisha kicheko kinamkauka. Anatoa simu na kuandika polepole, kwa kidole kimoja: safali. Simu inageuza yenyewe: safari.

"Umeona? Kila nikimwandika, inamfuta."

Atoo hakufuata muziki. Anataka sidii za kutundika shambani, zing'ae juani, ndege waogope kuujia mtama. Mwezi uliopita alichukua kumi; leo anazitaka zote. Mnunuzi mwingine hakuna, wala hatakuja. Wangila anaanza kuzitia kwenye gunia, na makasha yake.

"Hapana, mzee. Kasha sitaki, ni mzigo ya bure. Ndege hawasomi."

Mikono ya Wangila inasimama. Halafu anachopoa sidii moja, na nyingine, na nyingine. Makasha matupu yanajaa mezani, midomo wazi.

"Chukua muziki, mama," anasema. "Mwandiko niachie."

"Utapeleka wapi yote hii?"

"Kalerwe. Jumamosi nitayapanga kwenye ule ukuta mkavu, kama duka. Nikiamka niyasome."

"Na kitanda?"

Wangila anafunga mdomo wa gunia, anamtwika.

"Kitanda kitahamia upande unaovuja."