Yule Nondo Mweupe

Mimi nina ulimi mkali, siku zote nimekuwa nao, na uzee haukuupunguza. Nasema haya mapema asije mtu akaniona mwema katika habari hii.

Tulikaa nyuma ya kijiji cha Zinga, shamba la mwisho kabla ya msitu, miaka michache kabla Wajerumani hawajautwaa mji wa Bagamoyo. Mume wangu alichukua mzigo wa nguo kwenda bara pamoja na wapagazi wengine. Aliyerudi ni mwenzake, ameshika kofia ya mume wangu mkononi. Alisema ndui ilimpata njiani, mwendo wa siku nyingi kutoka pwani, wakamzika kando ya njia. Mwalimu wa chuo cha Kurani akamhoji, akamwapisha, kisha akaniambia nianze eda. Nikavaa nguo nyeupe, nikaingia ndani kwa miezi minne na siku kumi. Mama mkwe wangu, tuliyebaki naye wawili tu katika nyumba ile, alisema, "Mimi sijaona kaburi."

Kwao ilikuwa desturi, nondo akiingia nyumbani hafukuzwi wala hafagiliwi, maana ni mgeni, ameleta habari. Kila alfajiri waliingia nondo wadogo kutoka msituni, hawazidi ukucha wa kidole gumba, wakatulia ukutani. Mama alisoma rangi zao. Wa majivu, mwanawe yu njiani. Mwekundu kama udongo, anaumwa. Mweusi, kuna mtu amemzuia. Mweupe ndiye aliyengojwa, kwani mweupe maana yake mwana yu hai na anarudi. Siku ya kumi ya eda yangu akaingia mweupe. Tangu siku hiyo mama akaanza kumwekea mwanawe chakula.

Na chakula chenyewe kipi? Mvua ilikosekana mwaka ule, mtama uliungua shambani, tukawa tunakula ndiga, viazi vya mwituni ambavyo usipoviloweka siku kadhaa vinakulevya. Mama aligawa sahani tatu, ya tatu akaifunika kwa kawa. Fungu hilo lilitoka katika lake. Kikichacha kinamwagwa, kinawekwa kingine, nami natazama kwa jicho la njaa. Mifupa ya mabega ikamtoka. Arobaini ikapita bila hitima, kwa kuwa hitima ni ya wafu, na nani kamwambia mwanawe amekufa? Mama alikuwa anakufa kwa kumlisha maiti. Nikaona nisipomtoa katika mawazo yale nitamzika na yeye.

Mtu wa eda ana kazi gani? Hutazama ukuta. Niliwatazama nondo wale mpaka nikawajua. Rangi zilikuwa mbalimbali, lakini wote walikuwa na kidoa cha manjano pale ubawa unapokunjika, na ukingoni mstari wa mapindo mapindo kama mshono wa kofia. Wote walitua namna moja, mbawa wamezilaza wazi. Nikaanza kushuku kwamba hawa ni ndugu. Siku moja nikamwona jike wa majivu akitaga kwenye mkwaju wetu wa uani, mayai yenyewe yako chini ya jani, madogo kama chembe za chumvi. Nikalikagua tawi, nikalikata, nikalitia katika chungu chenye udongo kidogo, nikafunga mdomo wake kwa kitambaa na uzi.

Viwavi walitoka wembamba kama nyuzi. Walikuwa wakijikunja na kujinyoosha, kama mtu anayepima nguo kwa shibiri. Nikawapa majani mabichi kila siku. Walipokua wengine walikuwa kijani, wengine huwezi kuwatenga na kijiti kikavu. Wengi walikufa, sijui kwa nini. Saba walishuka udongoni wakajifunga katika maganda ya kahawia yanayong'aa kama kokwa za ukwaju. Mama aliniuliza chungu kile ni cha nini. Nikamwambia ni chake, asubiri.

Jioni moja nilimwomba tena ale kile kilichokuwa chini ya kawa. Akanitazama, akasema, "Kufa kufaana. Wewe unataka mwanangu afe upate mume mwingine." Neno lile lilinichoma. Nikainuka nikamwacha na sahani yake.

Asubuhi yake nikamwamkia, "Shikamoo mama," na kabla hajaitikia nikakiweka chungu mbele yake, nikafungua kitambaa. Walikuwamo saba, wameshikilia tawi: wa majivu watatu, wekundu wawili, mweusi mmoja na mweupe mmoja. Nikamwonyesha vile vidoa.

"Mama yao mmoja," nikasema. "Nilimwona kwa macho yangu akitaga, naye ni wa majivu. Rangi si habari, mama. Hawa ni wadudu wa mkwaju tu."

Akainamia chungu. "Na huyu mweupe?"

"Naye vilevile."

Akanyoosha mkono, akaondoa kawa, akanisogezea sahani iliyolala. "Basi kula wewe," akasema.

Nikala. Nilikuwa na njaa.

Hitima ilisomwa wiki ile. Mama naye akaanza kula. Nikimwambia ale anakula, nikimwambia anywe anakunywa, kama mtoto mgonjwa. Nikajisifu moyoni kwamba nimemwokoa. Hakuuliza tena nani kaingia alfajiri. Hata mwezi haukwisha, asubuhi moja hakuamka mkekani, na siwezi kusema ni njaa, maana jioni iliyotangulia alimaliza sahani nzima. Siku mbili kabla, nikimkanda miguu, alisema bila hasira yoyote, "Ungeniachia yule mweupe, mwanangu."

Kuna jambo sijamwambia mtu mpaka leo. Jioni ile ya neno la mume mwingine nilikwenda kuchungulia chungu. Walikuwa wameshatoka kwenye maganda yao. Mweupe alikuwa juu kabisa, ameng'ang'ania kitambaa kwa ndani. Kumwachia kulihitaji kulegeza uzi tu, angeruka akaenda zake, na mama asingejua kamwe kwamba alikuwamo. Mimi nikaukaza.