Nilimlazimisha Mdogo Wangu Amwachie Jenerali Vumbi

Kosa ni langu. Nalisema mapema, kabla ulimi haujapata kona ya kupitia. Na kwa kuwa kisa hiki sasa kinasimuliwa Mahajanga nzima na watu ambao hata Nosy Be hawajafika, nawataja waliokuwepo siku ile, Jumapili alasiri, katika hoteli moja ya Ambondrona, kisiwani Nosy Be.

Alikuwepo Sitina, mdogo wangu, ambaye kazi yake ni kucheza gemu ya mpira kwenye runinga, na analipwa kwa kazi hiyo. Alikuwepo Jenerali Vumbi, mwimbaji wa salegi. Jina nimelibadilisha, lakini kama umewahi kucheza muziki wetu mpaka vumbi likakuingia puani, unamjua. Alikuwepo Felisi, meneja wa hoteli. Alikuwepo mwanamume mwenye kofia nyekundu ambaye sote tulidhani ni fundi umeme. Walikuwepo wageni wengi wakila kamba. Na nilikuwepo mimi, dada mtu, na mdomo wangu.

Basi! Wengine wote ni waongo.

Waliyosema siku ile waliyasema kwa Kimalagasi na kwa Kikomoro chetu cha nyumbani. Nimeyaweka katika Kiswahili nilichopata kwa mwalimu wangu wa chuo, kwa hiyo kikichechemea, mlaumuni marehemu.

Mimi ni kifungua mimba. Baba alipofariki niliacha shule, nina miaka kumi na minne. Mama alipomfuata, Sitina alikuwa na miaka mitano na mimi kumi na minane. Ndugu wakaja wakitaka kumchukua, huyu anataka mtoto wa kumtuma, yule anataka thawabu. Nikawaambia mtoto hatoki hapa. Tangu siku hiyo nimeuza vitumbua na achari ya maembe mtaani kwetu Mahabibo mpaka nikikuamkia unasikia harufu ya siki.

Baada ya mazishi Sitina aligoma kula. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu! Nikachukua dhumna za baba, zile kete zenye nukta, nikazipanga juu ya gunia la mchele, nikamwambia: ukinishinda, unakula. Akanishinda. Akala. Kesho yake akanishinda tena, akala tena.

Hilo liweke kando. Nitalirudia, nikipata moyo.

Alipofika miaka kumi na miwili akaanza kupotelea kwenye kibanda cha gemu nyuma ya soko. Nilimfuata na mwiko, wallahi, mbele ya wenzake. Siku aliyorudi na jiko la gesi alilolipata kwa kushinda mashindano ya mtaa, nikauweka mwiko chini na kuuliza mashindano mengine ni lini.

Akashinda Mahajanga yote. Akaenda mji mkuu, akarudi na kombe refu kuliko dirisha letu. Kila alipocheza nilikaa nyuma ya kiti chake na bakuli la vitumbua. Mimi gemu siijui. Mpira ukiingia golini nilikuwa natazama mabega yake kujua kama ni letu au lao.

Ndipo ukaja mwaliko. Hoteli ya Ambondrona inafungua ukumbi wa gemu na inataka mechi ya maonyesho: Sitina dhidi ya Jenerali Vumbi, mzaliwa wa Nosy Be, mbele ya watu wake.

Jamani, hapa ndipo penye aibu. Picha ya Jenerali iko ndani ya mlango wa kabati langu tangu nina miaka kumi na mitano. Kanda zake nimezisikiliza mpaka utepe ukakatika, nikauunga kwa rangi ya kucha, nikaendelea. Wengine walinusurika na uyatima kwa dua. Mimi kwa dua na Jenerali Vumbi.

Alishuka kwenye gari tumbo likiwa limetangulia, na suruali inang'aa kama ngozi ya dagaa. Akanishika mkono.

"Madamu, wewe ndiye uliyemlea simba huyu?"

Mkono wangu huu! Nikajibu kitu, sijui nini. Sitina anasema nilimwambia, "Wa alaikum salaam."

Felisi akanivuta pembeni. "Madamu, mwambie msichana asimfunge kumi. Mawili, matatu yanatosha. Watu wale kamba zao kwa amani."

Hicho tu ndicho alichoomba. Mtu aliomba huruma kidogo, mimi nikagawa mechi nzima!

Nilimkuta Sitina kwenye ujia wa jikoni akinyoosha vidole.

"Dada, umepaka wanja?"

"Usibadilishe maneno. Mwachie."

"Nimwachie nini?"

"Mechi."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Yeye akiimba, mimi nikapanda jukwaani, atapunguza sauti ili watu wadhani najua kuimba?"

"Yule mtu mzima. Yuko kwao. Watu wake wanamtazama."

"Na watu wangu?"

"Watu wako ni mimi."

"Basi nitamfunga kwa adabu. Matatu tu, halafu namwamkia."

Hapo ningeweza kukubali. Matatu kwa adabu, nani angelalamika? Lakini akilini nilikuwa nimeshaiona sura ya Jenerali imenywea, na damu yangu mwenyewe ndiyo iliyomfanya hivyo. Nikatoa silaha ambayo haitolewi.

"Sitina, ukimwaibisha yule mtu, radhi yangu huna. Na ya mama aliyelala kaburini Boanamary huna pia, maana aliniachia mimi."

Kicheko kikakatika pale pale.

Kwetu radhi si ya kuchezea. Unaiomba unapoolewa, unaposafiri, unapokata roho. Mtoto anaweza kukosa kila kitu duniani akasimama, lakini si radhi. Nami niliitumia kwa ajili ya suruali inayong'aa! Astaghfirullah.

"Sawa, Dada," akasema. Akaenda.

Alianza kwa kufunga mawili ya haraka, ili ionekane kweli. Kisha kipa wake akaanza kutembea. Alitoka golini akazurura uwanjani kama mtu anayetafuta ndala aliyoivua jana. Jenerali akafunga. Akafunga tena. La tatu hata mimi nisiyejua nililiona, mpira uliingia polepole kama mgeni anayebisha hodi. Tatu kwa mbili!

Ukumbi ukalipuka. Nilipiga makofi mpaka bangili ikapasuka.

Jenerali hakusimama. Aliweka padi ya gemu mezani taratibu, kama unavyorudisha sahani ya samaki aliyeoza bila kutaka kumwumbua mpishi.

"Mwanangu," akasema, "yule kipa wako alikuwa anakwenda wapi?"

"Aliteleza, Jenerali."

"Kwenye runinga?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Miezi minne nafanya mazoezi. Binti yangu nyumbani ananifunga kila siku na kuniita mzee. Mimi watu hunipigia makofi hata nikikohoa. Nikasema, huyu msichana wa Mahabibo hatanionea haya, atanipiga mpaka nijue nimefika wapi. Nilitaka bao moja. Moja, la kweli! Ningekwenda nalo nyumbani kumwonyesha yule mtoto." Akaitazama runinga. "Sasa nina matatu, na hata moja si langu."

Hapo fundi umeme akasimama na kuvua kofia yake nyekundu. Kumbe hakuwa fundi umeme! Alikuwa amesafiri kutoka mji mkuu. Kazi yake ilikuwa kuchagua timu ya kwenda kushindana nje ya nchi, nafasi moja ilikuwa imebaki, na alikuja Ambondrona kumwona mtu mmoja tu.

"Nani alikwambia umwachie?" akamwuliza Sitina.

Sitina akanigeukia. Hakunitazama kwa hasira, laiti angefanya hivyo! Alinitazama kama anavyonitazama tukifika benki au hospitali, kwamba Dada ataongea.

Nami nikatazama sahani ya kamba iliyokuwa mbele yangu. Nikaanza kuhesabu miguu yao.

Ni mimi niliyemlazimisha. Maneno matatu! Mdomo huu unaoweza kukuuzia kitumbua cha jana ukaapa umekiona kikitoka motoni, siku ile ulikataa maneno matatu.

"Hakuna mtu," akasema Sitina. "Nilichoka."

"Aliyechoka hashindwi hivyo," akasema yule bwana. "Mimi natafuta mchezaji. Sitafuti mpishi wa matokeo."

Nafasi akapewa mwingine.

Tukavuka hadi bara, tukashika barabara yote ile hadi Mahajanga, na neno pekee nililolipata kwake ni "Sogea." Nami njia nzima nilikuwa natunga sababu. Mgeni anaheshimiwa. Mechi ya maonyesho si mechi. Mtoto bado mdogo, nafasi zitakuja. Nilikuwa na sababu nyingi kuliko mizigo.

Siku ya tatu akatoa kopo la dhumna za baba, akalimwaga juu ya gunia.

"Dada, nauliza kitu. Kule hotelini, kuniambia nimwachie hukupata taabu hata kidogo. Ulisema kama mtu aliyezoea."

Nikaanza kukoroga unga ambao ulikuwa umeshakorogwa.

"Nilipokuwa na miaka mitano, nilikuwa nakushinda kweli?"

"Ulikuwa huli, Sitina."

"Sikuulizi chakula. Mara ngapi nilikushinda kweli?"

Mnajua, kila anapohojiwa redioni anasema hivi: nilijijua kuwa mchezaji tangu nina miaka mitano, maana nilimfunga dada yangu mkubwa kila siku. Anasema kwa fahari kabisa! Nami kila mara niliongeza sauti ili majirani wasikie.

Nikaendelea kukoroga. Akaelewa. Akaanza kurudisha kete kwenye kopo, moja moja.

"Kumbe hata mimi ni Jenerali Vumbi," akasema.

Loo! Ningepigwa na ule mwiko ningepata nafuu.

Tangu siku hiyo bado anacheza, na bado anashinda, alhamdulillahi. Lakini haniruhusu kuingia anapocheza. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Ukiwa nyuma yangu, sitajua kama nimeshinda mimi au umeniombea kwa mtu." Sasa nasikia matokeo kwa wateja wa vitumbua, kama watu baki.

Jenerali ameleta salamu mara mbili kupitia Felisi. Anataka mechi ya marudiano, hata afungwe ishirini. Sitina anamjibu jibu lile lile: atacheza naye, lakini dada yake alipe kwanza.

Ninadaiwa vitu viwili. Cha kwanza, nimwambie ukweli mwenye kofia nyekundu. Hicho nimelipa. Nimempelekea barua kwa Kifaransa cha mtu aliyeacha shule, yenye makosa kila mstari, isipokuwa mstari mmoja wenye yale maneno matatu. Timu ilishaondoka na kurudi. Nimeandika hata hivyo, ili jina la mtoto wa watu lisafike.

Cha pili ni mchezo mmoja wa dhumna ambao mimi ninacheza kwa nguvu zangu zote kumshinda. Mmoja tu! Mngedhani ni rahisi.

Nyinyi mnaolea wadogo zenu, na nyinyi mnaoishi kwa kucheza, nisikilizeni. Najua watu wanabishana kama bingwa amwonee huruma mtu mashuhuri siku ya maonyesho. Ningeulizwa zamani ningesema ndiyo, amwachie, itampunguzia nini? Sasa nasema mpige! Mpige kwa adabu, mwamkie, mpe maji, lakini mpige. Mtu mzima aliyekuja kucheza amekuja kucheza. Ukimwachia umemwita mtoto mbele ya watu na kumwomba ashangilie. Na radhi zenu zifungieni mbali. Msizitoe kwa ajili ya mwanamume mliyempenda kwenye kanda.

Jana alasiri tulikaa tena kwenye gunia. Sitina upande ule, mimi huku, sahani ya vitumbua katikati. Nilikuwa nimeapa. Tulicheza vizuri, nikamweka pabaya, nikaona kweli naweza kushinda. Ncha zote mbili za mstari zilikuwa sita. Zamu yangu.

Nikagonga gunia, kuonyesha kwamba sina kete ya kuweka.

Sitina akanitazama. "Fungua mkono, Dada."

"Nimekwambia sina."

"Fungua."

Nikafungua. Sita-sita ilikuwa imelala kiganjani. Naapa sikuificha. Mkono uliificha wenyewe, unavyofanya tangu mama azikwe.

Nilingoja ainuke aondoke. Hakuinuka. Alichukua kitumbua, akakila chote mbele yangu bila haraka, akafuta vidole.

"Nimekula, Dada," akasema. "Nimeshiba. Changanya upya."

Nikachanganya. Hata huo wa pili nilipindisha kidogo ili anishinde, naye akaona. Bado nadaiwa.