Mstari wa Maduhu

Shangazi yangu Apolonia hakuwa mvivu, na anayebisha aje aniambie usoni. Mwaka 1953 alikuwa kibarua kwenye shamba la mijohoro karibu na Samuye. Kila kibarua alikuwa na mstari wake wa miti, na kazi ilikuwa kutoa viwavi kwenye majani kwa vidole, mmoja mmoja, na kuwatumbukiza kwenye debe la majivu.

Pamoja na jasho lote hilo, mstari wake ulibaki vijiti. Mstari wa jirani yake Maduhu ulikuwa kijani tupu, na Maduhu alikoroma chini yake tangu saa tatu asubuhi. Watu wakaamua ana dawa. Wakulima wa pamba wakawa wanampelekea kuku ili awakingie mashamba. Jitu zima lisilojua dawa hata ya kikohozi likanenepa!

Nyapara Pantaleo akamwambia shangazi, "Mayu," maana ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama, "mwisho wa mwezi nikikuta vijiti, usirudi tena."

Shangazi alilia. Alikuwa na watoto wanne, na mume aliyekwenda kuchimba dhahabu Geita akasahau njia ya kurudi. Alipomaliza kulia alichuma jani moja lililosalia kwenye mstari wake na jingine kwenye wa Maduhu, akatafuna. La kwake lililainika mdomoni kama mchicha. La Maduhu lilikuwa chungu hata akatema. Akafungia viwavi kumi kwenye kibuyu pamoja na majani ya Maduhu. Baada ya siku mbili majani yalikuwa mazima, viwavi wamelegea kwa njaa.

Akamwendea nyapara. "Miti ya Maduhu michungu tu. Viwavi hawaitaki."

Pantaleo akacheka. "Kama miti inajilinda yenyewe, mayu, mimi nyapara wa nini?"

"Basi tubadilishane mistari."

Maduhu alikubali mara moja, maana wale kuku walikuwa wamemfanya hata yeye aamini dawa yake. Mvua ikanyesha, vijiti vikachipua, viwavi wakarudi na ukoo wao. Maduhu alifanya kazi mpaka kucha zikawa kijani, na mwisho wa mwezi akafukuzwa. Simhurumii.

Jumatatu iliyofuata mkulima mmoja alikuja kwa shangazi na kuku wawili. "Mayu, tukingie pamba."

"Sina dawa. Ile miti ni michungu, basi."

"Wenye dawa ya kweli huwa hawasemi," akajibu yule mkulima, akaongeza jogoo.

Miaka sita shangazi alimwambia ukweli huohuo kila aliyeleta kuku, na watoto wake wanne wakala wakashiba.